Mwingiliano wa masafa marefu na mawimbi ya spini ndani ya sumaku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yananirudia kila muhula. Mengi huulizwa na wanafunzi wa PCM wa kidato cha tano na sita hapa Kigoma. Machache, yale magumu, huletwa na vijana wa vyuo vikuu wanaoshuka kwenye treni wakati wa likizo wakiwa na somo jipya kichwani na hawajapata wa kubishana naye. Nimeyapanga kuanzia mepesi. Anayejua tayari magnoni ni nini aruke hadi swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Mwalimu, unasema sumaku ina mawimbi ndani yake. Kinachotikisika ni nini?

Kinachotikisika ni mwelekeo. Ndani ya chuma kila atomu ni sumaku ndogo mno, kwa sababu ya spini za elektroni zake. Jotoridi likiwa chini ya kiwango fulani, spini za eneo moja hulala upande mmoja. Ukiipinda moja kidogo, jirani zake huvutwa nayo, wao nao huwavuta wa pembeni yao, na kule kupinda husambaa. Atomu zenyewe hazihami.

Mawimbi haya huitwa misisimko ya pamoja, na neno "pamoja" lina sababu. Kuipindua spini moja kabisa huku jirani zote zikibaki wima ni gharama kubwa. Kuugawa upinduo uleule kwa spini milioni, kila moja ikipinda kidogo sana, ni rahisi mno, na asili huchagua njia rahisi. Felix Bloch aliyaeleza mawimbi haya mwaka 1930, akaonyesha kwamba usumaku wa feromagneti (sumaku ambayo spini zake hulala upande mmoja) hupungua kulingana na jotoridi lililopandishwa kwa kipeo cha 3/2. Sheria hiyo bado inafaa kwa jotoridi la chini.

2. Magnoni ni chembe kweli, au ni jina tu?

Ni kipande kidogo kabisa cha wimbi la spini. Fizikia ya kwanta hairuhusu wimbi kuwa na nishati ya kiasi chochote tu. Nishati huja kwa mafungu, na fungu moja ndilo magnoni. Kila magnoni inapunguza usumaku wa kipande kizima kwa spini moja iliyopinduliwa. Huwezi kuitoa nje ya sumaku ukaiweka mezani, lakini ndani yake inabeba nishati, inagongana na wenzake, na inahesabika. Mimi hayo yananitosha kuiita chembe.

3. Nini kinaziunganisha spini hadi zilale upande mmoja?

Wanafunzi wengi hujibu "uga wa sumaku wa jirani". Jibu hilo halitoshi hata kidogo. Atomu mbili za chuma zimeachana kwa nanometa 0.25 hivi, na nishati ya mvutano wa kisumaku kati yao, ukiipima kwa jotoridi, haifiki kelvini 1. Kama hiyo ndiyo ingekuwa gundi, chuma kingepoteza usumaku kwenye baridi kali kuliko ya mahali popote duniani. Lakini chuma kinabaki sumaku hadi kelvini 1043, yaani nyuzi 770 za sentigredi.

Gundi yenyewe ni mwingiliano wa kubadilishana, ambao Heisenberg aliueleza mwaka 1928. Unatokana na umeme na kanuni ya Pauli: elektroni mbili zenye spini sambamba haziwezi kukaa mahali pamoja, hivyo nishati ya kusukumana kwao hutegemea mwelekeo wa spini. Ni mwingiliano wenye nguvu sana, ila unafika kwa jirani wa karibu tu.

Ule mvutano wa kisumaku, tunaouita mwingiliano wa dipoli, haukufutika. Ni dhaifu, lakini unafika mbali. Ukurasa huu karibu wote ni habari ya kilichobaki baada ya aliye dhaifu kupewa nafasi ya kujumlisha.

4. "Masafa marefu" maana yake nini? 1/r³ si hupungua haraka?

Inapungua haraka kwa jirani mmoja mmoja. Kosa ni kuwasahau jirani wenyewe, maana wanaongezeka kadiri unavyokwenda mbali.

Chukua spini moja ndani ya kipande kikubwa. Walio katika ganda la umbali r ni wengi kwa kadiri ya r². Kila mmoja anachangia 1/r³. Zidisha, na ganda zima linachangia 1/r. Jumlisha kutoka nanometa 1 hadi 2, kisha kutoka milimita 1 hadi 2: utapata kiasi kilekile. Yaani walio mbali, kwa ujumla wao, wana sauti sawa na walio karibu. Kinachoizuia jumla isiende bila mwisho ni kwamba dipoli hubadili alama kulingana na pembe: ukiwa juu yake inakuvuta upande huu, ukiwa ubavuni inakusukuma upande ule. Michango hiyo hufutana kwa sehemu, na sehemu inayosalia hutegemea mipaka ya kipande. Swali la 6 linatokana na hapo.

Kwa hiyo "masafa marefu" si sifa ya nguvu peke yake. Inategemea pia mwingiliano unafanyika katika mstari, katika utando, au katika kipande kizima.

## Mawimbi marefu, mawimbi mafupi

5. Kama dipoli ni dhaifu mara elfu kuliko kubadilishana, kwa nini tusiipuuze?

Kwa sababu kubadilishana hakuoni spini. Kunaona *tofauti* kati ya spini na jirani yake. Wimbi likiwa refu, jirani wawili wanakaribia kuwa sambamba, tofauti inakuwa ndogo, na gharama ya kubadilishana inashuka kwa mraba. Ukizidisha urefu wa wimbi mara 10, gharama hupungua mara 100. Ukiendelea hivyo, yule mwenye nguvu anafika mahali hana la kudai. Dipoli haina tabia hiyo.

Ziwa letu linafanya jambo lilelile kwa sheria nyingine. Vile viwimbi vidogo ambavyo upepo huviparua juu ya maji tulivu asubuhi vinaendeshwa na mvutano wa uso wa maji, ambao ni jambo la molekuli na jirani yake. Mawimbi yanayobamiza mitumbwi wakati wa upepo wa kusini wa kiangazi yanaendeshwa na graviti. Mpaka kati ya aina hizo mbili ni urefu wa wimbi wa sentimita 1.7 hivi. Maji ni yaleyale. Mtawala hubadilika kulingana na urefu wa wimbi.

Kwenye sumaku mpaka huo hutokana na kipimo kiitwacho urefu wa kubadilishana, ambacho ni nanometa chache kwa chuma na zaidi ya 10 kwa ganeti ya itriamu na chuma, ile ambayo watafiti wote huiita YIG. Mawimbi ya urefu wa mikrometa na kuendelea yako chini ya dipoli. Holstein na Primakoff waliingiza miingiliano yote miwili katika hesabu moja mwaka 1940, na njia yao bado inafundishwa.

6. Nimesoma kwamba umbo la sumaku hubadili frikwensi yake. Inawezekanaje, na vitu ni vilevile?

Inawezekana kwa sababu ya ile sehemu inayosalia katika swali la 4. Mwaka 1946 Griffiths aliona tando nyembamba za metali zikifyonza mawimbi ya redio kwa frikwensi isiyolingana na hesabu ya kawaida ya spini katika uga. Kittel alitoa jibu mwaka 1948: spini zikizunguka pamoja zinaunda ncha za sumaku kwenye nyuso za kipande, na ncha hizo zinarudisha uga wao ndani.

Tuhesabu. Spini ya elektroni huzunguka kwa GHz 28 hivi kwa kila tesla 1. Weka YIG katika uga wa tesla 0.3; usumaku wake wenyewe ni tesla 0.175 hivi. Ikiwa tufe, inaitika kwa GHz 8.4. Ikiwa utando mwembamba na uga umelala sambamba nao, frikwensi ni 28 mara kipeuo cha 0.3 × 0.475, yaani GHz 10.6. Uga ukisimama wima juu ya utando, ni 28 × (0.3 − 0.175), yaani GHz 3.5. Kitu kilekile, uga uleule, na majibu matatu yaliyoachana kiasi hicho. (Nimeacha athari ndogo ya fuwele yenyewe.)

Sijui mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtu kwamba kila spini ndani ya kipande "inajua" kingo ziko wapi. Mwingiliano wa jirani tu usingeweza kufanya hivyo.

7. Ni kweli kuna wimbi la spini ambalo nishati yake inakwenda kinyume na miinuko yake?

Kweli. Chukua utando uliosumakishwa ukiwa umelala. Wimbi likisafiri sambamba na usumaku, frikwensi yake *hushuka* kadiri wimbi linavyofupika, kwa sababu ncha zenye alama tofauti zinakaribiana na kupunguziana gharama. Frikwensi ikishuka namna hiyo, miinuko inakwenda upande mmoja na nishati upande wa pili.

Wimbi likikatiza usumaku kwa pembe mraba, mambo ni mengine kabisa: frikwensi hupanda, na wimbi hung'ang'ania uso mmoja wa utando. Ukiligeuza lirudi lilikotoka, linahamia uso wa pili. Damon na Eshbach walilieleza mwaka 1961. Kubadilishana peke yake hakujali wimbi linaelekea wapi kulinganisha na usumaku. Upendeleo wote huo ni kazi ya dipoli.

8. Ile habari ya magnoni "kuganda pamoja" kwenye jotoridi la chumba inahusiana na haya?

Inahusiana moja kwa moja. Katika wimbi la sambamba la swali la 7, frikwensi inashuka kwa ajili ya dipoli, kisha wimbi likifupika zaidi kubadilishana kunashika usukani na frikwensi inapanda. Kwa hiyo kuna bonde, na chini yake wimbi lina urefu wa mikrometa 1 hivi. Mwaka 2006 kundi la Demokritov huko Münster, Ujerumani, lilisukuma magnoni nyingi ndani ya utando wa YIG kwa mikrowevu, zikajikusanya chini ya bonde hilo katika hali moja ya kwanta. Bila dipoli bonde lisingekuwepo pale. Hali ya nishati ndogo kabisa ingekuwa ile ya spini zote kuzunguka pamoja.

## Kanuni ya namba mbili

9. Kuna njia fupi ya kujua kama masafa marefu yatabadilisha wimbi?

Ipo. Andika mwingiliano kuwa 1/r^α, na uite d idadi ya vipimo: mstari ni 1, utando ni 2, kipande ni 3. Chukua feromagneti ambayo spini zake hazipendelei mwelekeo wowote, na k iwe namba ya wimbi, inayokuwa ndogo wimbi likiwa refu.

α ikizidi d + 2, masafa marefu hayaonekani: nishati ya mawimbi marefu inafuata k², sawa na kwa Bloch. α ikiwa kati ya d na d + 2, nishati inafuata k^(α−d), yaani mawimbi marefu yanakuwa magumu kuliko kawaida. α ikishuka chini ya d, jumla ya swali la 4 haina mwisho, nishati ya kila spini inategemea ukubwa wa kipande, na ukishaisawazisha, hata wimbi refu sana linadai nishati ya kuanzia: pengo limefunguka.

Dipoli halisi katika kipande ina α = 3 na d = 3, imekaa juu ya mpaka kabisa, tena inabadili alama kwa pembe. Ndiyo maana ni kiumbe mgumu na inahitaji maswali ya 6 na 7 peke yake.

10. Naweza kuijaribu kanuni hiyo bila hesabu ngumu?

Unaweza, kwa kompyuta yoyote yenye Excel. Nishati ya wimbi kwenye mstari ni jumla ya (1 − cos kn)/n^α, n ikienda 1, 2, 3 na kuendelea. Jaza safu hadi n = 1000, na uhakikishe pembe ziko kwenye radiani.

Kwanza chukua n = 1 peke yake, yaani jirani tu. Kwa k = 0.1 utapata 0.0050, kwa k = 0.2 utapata 0.0199: mara nne, ambayo ni k². Sasa weka α = 2 na ujumlishe safu nzima. Kwa k = 0.1 jibu ni karibu 0.154, kwa k = 0.2 ni karibu 0.303. Safari hii ni mara mbili tu, na nishati ni kubwa mara 30 kwa k = 0.1. Kanuni ilisema k^(2−1), na ndicho ulichokipata.

11. Tulifundishwa kwamba utando wa atomu moja hauwezi kuwa sumaku. Mbona sasa zipo?

Nadharia ya Mermin na Wagner ya mwaka 1966 ina masharti, na kwa kawaida masharti hayafiki ubaoni. Inasema: katika vipimo 1 au 2, spini zisizopendelea mwelekeo, zenye mwingiliano *wa masafa mafupi*, haziwezi kupangika juu ya sifuri halisi. Sababu ni kwamba mawimbi marefu ni rahisi mno, joto linayazalisha bila kikomo, na mpangilio unavurugika.

Kuna milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni upendeleo wa mwelekeo ndani ya fuwele, unaofungua pengo. Huo ndio uliotumiwa na CrI₃, fuwele ya kromi na iodini, ambayo mwaka 2017 ilionekana kuwa sumaku hata ikiwa tabaka moja, hadi kelvini 45. Wa pili ni masafa marefu: kwa kanuni ya swali la 9, mawimbi marefu yanakuwa magumu, na ukifanya hesabu utaona mpangilio unawezekana α ikiwa chini ya 2d. Yaani chini ya 4 kwa utando, chini ya 2 kwa mstari. Dipoli, yenye 3, inapita kwenye utando.

12. Masafa marefu yanaweza kuifanya habari isafiri bila kikomo cha kasi?

Kwanza, hakuna kinachoishinda nuru. Tunazungumzia kikomo cha ndani ya kitu chenyewe. Lieb na Robinson walionyesha mwaka 1972 kwamba mwingiliano wa masafa mafupi unaweka kasi ya juu kabisa ya kusambaa kwa mabadiliko. Kwa masafa marefu, kasi ya wimbi ni mteremko wa k^(α−d), na α ikiwa chini ya d + 1 mteremko huo unakua bila mwisho k ikikaribia sifuri. Kikomo kinalegea.

Mwaka 2014 makundi mawili, moja Maryland nchini Marekani na jingine Innsbruck nchini Austria, yalilipima jambo hili kwa safu ya ayoni zilizonaswa kwa uga wa umeme na kuunganishwa kwa leza. Uzuri wa ayoni ni kwamba α inarekebishwa maabarani, jambo ambalo hakuna fuwele inayokuruhusu.

## Hali za pekee

13. Antiferomagneti nayo inaguswa hivyohivyo?

Hapana, na kosa la kudhani hivyo ni la kawaida. Spini zake zinapishana juu na chini. Ukiwa mbali, michango inafutana kabla hujamaliza kujumlisha, na wimbi refu linabaki na nishati inayofuata k, kawaida yake. Kundi la Browaeys huko Ufaransa lililithibitisha kwa atomu za Rydberg (atomu ambazo elektroni moja imesukumwa mbali sana na kiini) zilizopangwa katika utando, zenye mwingiliano wa 1/r³: upande wa feromagneti nishati ilifuata kipeuo cha k, upande wa antiferomagneti ilifuata k yenyewe. (Ni kipeuo, badala ya k ya swali la 9, kwa kuwa spini za jaribio hilo zinapendelea kulala katika bapa moja.)

14. Na metali ambazo elektroni huru hubeba ujumbe kati ya spini?

Huo ni mwingiliano wa RKKY, uliopewa herufi za Ruderman, Kittel, Kasuya na Yosida, walioujenga kati ya 1954 na 1957. Unahusu hasa metali za ardhi adimu, ambazo spini zake zimejificha ndani ya atomu na hazigusani. Nazo 1/r³ ipo, ila alama inabadilikabadilika kadiri umbali unavyoongezeka.

Kubadilika huko ndiko kunakoamua. Michango ya mbali inafutana, na mawimbi marefu yanabaki na k². Athari inajitokeza kwingine: mkunjo wa nishati unaweza kuwa na kigongo au kivunjiko kwenye k inayolingana na ukubwa wa mwendo wa elektroni huru, na katika disprosi, kwenye sehemu fulani ya jotoridi, spini hupendelea kujisokota zikawa parafujo badala ya kulala sambamba. Kwa hiyo kuona 1/r³ kwenye karatasi hakukupi ruhusa ya kutumia swali la 9. Uliza kwanza kuhusu alama.

Gadolini ni ya kundi hili, na inapoteza usumaku wake kwenye nyuzi 20 tu za sentigredi. Kipande kinachovutwa na sumaku ndani ya jokofu hakitavutwa hivyo mchana wa Kigoma.

15. Je, kuna misisimko ambayo si wimbi kabisa?

Ipo, na ninayoipenda kuliko zote imo ndani ya barafu ya spini, fuwele za Dy₂Ti₂O₇ na Ho₂Ti₂O₇. Chini ya kelvini 1 hivi, kila pembenne (umbo la nyuso nne za pembetatu) yenye spini nne kwenye ncha zake inataka mbili ziingie na mbili zitoke. Ukipindua moja, pembenne mbili jirani zinavunja sheria, moja ikiwa na ziada na nyingine na upungufu. Kasoro hizo mbili zinaweza kuachana na kutembea kila moja upande wake. Castelnovo, Moessner na Sondhi walionyesha mwaka 2008 kwamba, kwa sababu ya dipoli, kasoro hizo huvutana kwa nishati ya 1/r, zikiwa ncha za kaskazini na kusini zilizotengana. Si ncha huru za ulimwengu wetu; zinaishi ndani ya fuwele tu.

## Vipimo na vitendo

16. Mawimbi haya yanaonekanaje?

Kwa mawimbi mafupi hutumiwa nyutroni, ambazo zina spini yake na hupoteza au kupata nishati zikigonga magnoni. Bertram Brockhouse aliijenga njia hiyo Kanada katika miaka ya 1950, akapata Nobel mwaka 1994 pamoja na Shull. Kwa mawimbi marefu, ambako dipoli inatawala, nyutroni hazina macho makali ya kutosha. Hapo hutumika leza inayotawanywa na wimbi, au antena ndogo za mikrowevu juu ya utando.

17. Hapa Kigoma hatuna hata kimoja. Tunaweza kufanya nini?

Magnoni hutaipima, lakini dipoli utaipima. Nunua sumaku mbili za spika mbovu kwa fundi redio pale Mwanga. Weka moja juu ya kipande kirefu cha mbao kilichosimama kwenye mizani ya kidijitali ya jikoni, ili chuma cha mizani kisiharibu kipimo, na uning'inize ya pili juu yake. Umbali ukiwa mara kadhaa ya upana wa sumaku, kuuongeza mara mbili kutapunguza nguvu karibu mara 16. Nishati ni 1/r³, nguvu ni 1/r⁴.

Kwa mawimbi yenyewe, pakua OOMMF, programu ya bure ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, inayokwenda kwenye kompyuta ya kawaida. Mumax3 ni ya haraka zaidi ila inadai kadi ya NVIDIA. Anza na utando mdogo, uupe mtikisiko katikati, kisha washa na kuzima dipoli uone tofauti ya swali la 7. Usishangae programu ikitumia muda mwingi wa hesabu kwenye dipoli: vijisehemu milioni 1 vina jozi trilioni 1 za kujumlisha. Programu hizi hukwepa mzigo huo kwa mabadiliko ya haraka ya Fourier, yanayoushusha hadi makumi machache ya mamilioni, na ndiyo maana hukuomba ugawe kipande katika vyumba vilivyo sawa.